Usiku wa Kuamkia Jumamosi

Miezi kumi na tisa ya leseni, mihuri saba,
alama za vidole vyangu vyote kumi,
na ofisa mmoja aliyeinua miwani akauliza:
"Gobore? Mzee, karne hii?"
Ndiyo, nikamwambia, la gumegume,
lisilojua haraka.
Akacheka, akagonga muhuri wa nane.

Sasa limelala juu ya gazeti la juzi,
hapa Jericho, mlango umekomewa, pazia limeshushwa,
mafuta ya kiwandani yamelitapakaa lote
kama mtoto aliyezaliwa saa hii hii.

Kwanza, mdeki.
Hata likiwa jipya, hata muuzaji akila kiapo,
ushushe mdeki mpaka usikie unagonga.
Ting.
Tupu.
Nikautia mti wake alama kwa kisu, usawa wa mdomo wa mtutu:
utupu unaishia hapa.
Kesho alama ikisimama juu ya mdomo, kuna kitu ndani.
Miaka thelathini na mmoja karakana ya reli
nimefundishwa kutoliamini bomba nisilolipima.

Maji ya moto, sabuni ya kipande, kitambaa cheupe.
Kitambaa kikatoka cheusi.
Kingine, kijivu.
Cha tano kikatoka kama kilivyoingia,
na papo hapo stima ikapotea mtaa mzima.

Sikuwasha mshumaa.
Baruti imo kabatini chumba cha pili, ndani ya mkebe wake,
nayo haina subira kama mimi.
Mutanu akamulika kwa simu ya nyanyake,
mwanga ukitetemeka kila alipopiga chafya.

"Babu, kwa nini hukununua inayojipakia yenyewe?"

Nikanyamaza kidogo, nikitafuta bisibisi.
Baba wa babu yangu, nikamwambia, alibeba magobore ya wenyewe
kutoka Kitui hadi pwani, kumi begani kwa safari moja,
bega moja likawa chini ya lingine mpaka alipozikwa.
Hakuna siku aliyoambiwa: haya, nawe lenga.

"Kwa hiyo hili ni lake?"
Hili ni langu. Nimelilipia.
Lakini bega nitakaloliegemezea, sijui.

Jiwe la gumegume nikalivika ngozi,
ulimi wa kiatu changu cha mwisho cha karakana,
nikalikaza kwenye taya za mtambo.
Zima simu, mama. Tazama.
Nikafyatua bila kitu ndani:
cheche sita, saba, zikamwagika kisahanini,
na kwa muda mfupi kuliko kope
nikauona uso wake wote, mdomo wazi, pengo la jino.
"Tena!"
Tena.

Vikabaki vitambaa vya kuvisha risasi.
Viwe pamba tupu; nailoni huyeyuka ikashika mtutu.
Syombua, ambaye tangu mwezi wa kwanza wa leseni
hajalitaja hili gobore kwa jina,
akaja na kanga yake iliyofuliwa hadi ikalainika kama sikio.
NILISEMA HUKUSIKIA, yasema kanga.
"Kata," akasema. "Ujumbe ulishafika."

Nikachora duara kwa kifuniko cha soda, nikakata ishirini,
nikayachovya kwenye nta na mafuta ya kondoo.
Duara moja lina ua. Moja lina LISE.
Jingine, kwa bahati ya mkasi, lina SIKIA, zima, halijakatwa herufi.
Hilo nimeliweka la juu.
Kesho litashindiliwa na mdeki, litatoka mbele yangu likifuka moshi,
nami nitakuwa nimeziba masikio yote mawili.

Pembe ya baruti, kipimo, risasi ndani ya soksi,
miwani, karatasi za leseni na nakala zake.
Chai itatiwa kwenye chupa alfajiri.

Stima imerudi. Syombua amekataa kanga itupwe.
Ameinua kilichobaki mbele ya taa,
anakikagua kama fundi anayekagua chujio,
kisha, kwenye tundu moja,
jicho lake.
Linanilenga.