Ila

Ulitafuta ila miaka arobaini na mitatu, Baba,
katika karakana ya Idar, bonde la wachonga vito,
lenzi imebanwa jichoni,
na kila ulipoona waa, unywele, kiwingu,
ulishusha pumzi, ukashusha bei.

Mimi nimeajiriwa Leipzig kuzitia.

Nielewe. Almasi yetu haikuchimbwa.
Imekuzwa kwa gesi, tabaka juu ya tabaka,
kaboni imeshikana mikono na kaboni
safu kwa safu, hakuna aliyekosa zamu.
Kizuri hakikosi ila, husema watu.
Hiki kilikosa, na ndiyo shida yenyewe:
ukikiuliza, hakijibu.

Basi tunachukua naitrojeni,
ileile tunayoivuta na kuitoa puani bila shukrani,
tunaichuja, tunaipa mbio,
tunaifyatua chembe moja moja.
Inaingia bila hodi,
inawaangusha wenyeji vitini,
inasimama mahali pasipo pake.
Nyuma yake, mapengo.

Kisha tanuri: nyuzi mia nane, ndani ya ombwe.
Hapo mapengo huanza kutembea
(sikutanii; jirani akihamia kwenye nafasi,
nafasi nayo imehamia kwa jirani)
hadi moja lifike ubavuni mwa naitrojeni
na kutulia. Halisogei tena.
Kwa nini? Daktari Zschoche alinijazia ubao mzima.
Nilinakili yote, hata mkono ukauma.
Bado sina neno lake la kukuambia mezani.

Tunapima saa tisa usiku,
tramu ya mwisho ikishalala,
maana umeme wa njia yake tu
huitikisa elektroni iliyonaswa pengoni.
Leza ya kijani.
Mara kumi na moja, giza.
Wencke akaenda kuchemsha kahawa.
Mara ya kumi na mbili, nukta nyekundu,
hafifu kuliko kaa la sigara ng'ambo ya mto.
Nikasogeza sumaku ya friji,
ile yenye picha ya daraja, uliyoninunulia stesheni.
Nukta ikafifia.
Nikaiondoa. Ikarudi.
Nilifanya hivyo hadi kahawa ikapoa,
kama mtoto na swichi ya taa.

Jumapili nikakuletea kipande kwenye bahasha.
Ukanawa mikono, ukavaa lenzi,
ukageukia dirisha la kaskazini.
Ukakaa hivyo mpaka mchuzi ukaganda sahanini.

"Safi," ukasema.
"Tangu nizaliwe sijaona safi hivi.
Hawa watu wako watalipwa vizuri."

Nilifungua kinywa.
Wewe ulikuwa umesharudi mezani,
umekaa palepale unapokaa siku zote,
kando ya kiti cha Mama,
ukanisogezea sahani upande wa pili.

Nikala. Viazi vilikuwa vimepoa,
na chumvi ulikuwa umesahau.