Gego la Sabuni

Usahili ni Jumanne, saa tatu asubuhi, Mbeya mjini.
Leo ni Jumamosi. Tukuyu inanyesha
kama ilivyonyesha jana na kama itakavyonyesha,
na umeme umekatika tangu adhuhuri.

Ambakisye, kidato cha pili, amevaa koti la baba
lenye harufu ya majani ya chai.
Ameketi nyuma ya meza, vikombe viwili mbele yake:
cha kushoto ni profesa,
cha kulia, kilichovunjika mkono, ni profesa mkali.
"Bi Subilaga," anasema, sauti ameishusha hadi tumboni,
"kwa nini meno? Kwa nini usiwe daktari kamili?"

Jibu nimelikariri. Lina aya tatu.
Ya kwanza inaanza, "Tangu utotoni nimekuwa na shauku,"
na kila nikiisema, kikombe kilichovunjika mkono
kinanitazama kama mtu aliyekwisha kuisikia.

"Usiseme shauku," anasema Ambakisye.
"Wote watasema shauku."

Barua inasema watapima na mikono.
Basi nimenunua sabuni ya buluu, nusu mche,
nikaazima jikoni kisu cha kumenyea viazi,
na tangu juzi nachonga gego la chini, upande wa kulia:
vilima vitano, mabonde kati yake, mizizi miwili.
La kwanza lilifanana na kiazi.
La pili lilivunjika mzizi nilipopiga chafya.
La tatu hili hapa kiganjani, kando ya mshumaa,
na nikiliinamisha kidogo, vilima vyake
ni Rungwe na nduguze kabla ukungu haujashuka.

Bibi, mwenye meno manne na maoni mengi,
kalipokea, kalinusa, kalirudisha.
"Jino la pembe si dawa ya pengo," kasema,
"sembuse la sabuni."
Ambakisye kadakia: "Swali la pili! Jadili methali hiyo!"
Tukacheka. Mama naye akacheka,
na kama kawaida mkono ulifika mdomoni
kabla ya kicheko.

Hapo ndipo jibu lilipo, nami nalizunguka
kama ulimi unavyolizunguka pengo.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama aliumwa siku tisa.
Alijifunga kitenge toka kidevuni hadi utosini,
akauza ndizi sokoni hivyo hivyo,
akionyesha bei kwa vidole.
Siku ya kumi alikwenda Kiwira, kwa fundi baiskeli
mwenye koleo na bei nafuu.
Aling'oa zima.
Akaligeuza kwenye mwanga, akasema, "Pole, mama,"
akang'oa na bovu,
kisha akadai hela ya mawili.

Hakuna shauku humo. Kuna hasira,
na sijui kama hasira inaruhusiwa mbele ya maprofesa.
"Jaribu," anasema Ambakisye. Koti amelivua.
Nikajaribu. Nilipofika kwenye vidole
Mama aliinuka kwenda kutazama moto
ambao haukuwa na shida yoyote.

Jumapili jua likatoka, saa nzima,
kama mgeni asiye na mizigo.
Nikalitafuta gego langu juu ya kabati, chini ya kitanda,
ndani ya kikombe cha profesa mkali.
Nikalikuta uani.
Mama amechuchumaa mbele ya beseni,
blauzi yangu nyeupe ya Jumanne mkono mmoja,
gego mkono wa pili, anasugua kola.
Vilima vitatu vimekwisha. Mabonde yamejaa povu.

"Sabuni iliisha," akasema.
"Utachonga lingine. Mikono si unayo?"
Akacheka,
na mikono yake yote miwili ilikuwa majini.