Kuinama

Mlima huu hauna mti. Una upepo na kondoo,
na mboji nyeusi iliyolowa kama mkate uliodondokea chai.
Ukikanyaga, unazama hadi muundi;
ukitoa mguu, ardhi inanung'unika.

Emrys Prosser anatangulia, fimbo mkononi,
fundi bomba mstaafu, magoti yanamlia kama bawaba.
Ramani ameichora miraba kwa penseli,
mraba mmoja kila Jumamosi, tangu mwezi wa tatu.
Leo ni wa kumi na tisa.

Tunatafuta jeti.
La, si jeti. Tunatafuta walichosahau
waliopanda kuizoa kwa farasi wawili na kamba,
Novemba ya mwaka hamsini na tatu,
wakashuka kwanza na kijana, Luteni Denys Aldwinckle,
amefunikwa parachuti isiyowahi kufunguka.
Miaka ishirini na mmoja. Alipotea winguni,
akashuka kutafuta bonde, bonde likawa mlima.

Tumepata ribiti, na vigae vya kioo kinene,
na bomba lililojikunja kama kidole cha mtoto aliyelala.
Pale ilipochimba, nyasi hazijaota hadi leo;
miaka sabini, mafuta yake bado yanaikatalia mvua.
Emrys akiona kitu hapigi kelele. Anavua kofia,
anapiga picha, anaandika, anakirudisha palepale.
"Si chetu," husema, kana kwamba nimebisha.

Dada wa rubani yu hai, ana themanini na minane.
Alituandikia, mwandiko unatetemeka:
hataki mfupa, alishazika.
Anauliza tu habari ya bawa la kushoto,
maana maafisa waliandika *halikupatikana*,
na neno hilo limemkaa kooni tangu usichana.

Saa tisa mvua ikatufukuza. Tukashukia kwangu,
shamba la baba, sasa langu mimi na benki.
Nilikwenda kuokota mayai, Emrys akimwaga maji butini.
Kimya. Kisha:
"Mair, bati la mlango huu ulilitoa wapi?"

Bati? Nililikuta. Alilipigilia baba,
baba asiyetupa hata msumari uliopinda.
Rangi ya kijani nilipaka mwenyewe, mara mbili.
Emrys keshapiga magoti kwenye kinyesi,
anakwangua kwa ufunguo wa nyumba yake.
Chini ya kijani, fedha. Juu ya fedha, ribiti
zimenyooka kama mshono wa fundi asiye na haraka,
halafu namba tatu, na nusu ya nne.

Miaka hamsini nimeinama mbele ya bawa lile,
kila asubuhi, kikapu mkononi,
nikiilaani bawaba, nikiwaita kuku kwa majina.

Maafisa walifika kumhoji baba. Mama alinisimulia:
aliwapa chai, akasema alisikia ngurumo, basi.
Sijui kama niite wizi.
Msimu ule mbweha alikuwa ameua kuku kumi na mmoja.

Safari hii Emrys hakuvua kofia.
Aliketi topeni, akaanza kucheka,
kisha kicheko kikapotea njia.
Kuku wakatupita, mmoja mmoja, kwenda kulala.
Nikaufunga mlango kwa mikono miwili,
mimi niliyezoea kuusukuma kwa buti,
nikaingia ndani kutafuta karatasi ya barua.