Sehemu Moja ya Saba

Hakuna aliyevua viatu, ingawa tangazo mlangoni lilisema tuvue.
Sakafu ya ukumbi wa michezo wa Kinlarrick
ilikuwa na mistari yake ileile, njano juu ya buluu,
na harufu ya mpira na jasho la watoto,
na mashine nne zikitafuna karatasi
kama mbuzi aliyeokota gazeti.

Dada yangu Ishbel alisimama karibu na ngazi za kukwea,
ua la kitambaa kifuani, chupa ya chai kwapani.
Diwani, miaka ishirini na miwili.
Alijua kila pipa la taka lililopasuka mfuniko.
Alijua paka wa nani hulala juu ya kisanduku cha umeme.

Kwetu mpiga kura hatii alama moja akaenda zake.
Tunawapanga watu: moja, mbili, tatu,
kama mama mwenye watoto wengi na yai moja.
Viti vitatu, wagombea saba,
na kizingiti mia tisa arobaini na mbili.

Msimamizi akapanda jukwaani, akakohoa,
kipaza sauti kikapiga yowe.
"Petrie, Struan: elfu moja na tisini na tisa."
Kijana wa baiskeli, ndevu za juzi!
Amevuka, na amebakiza mia na hamsini na saba,
na ziada, kwa sheria yetu, haitupwi, hugawiwa:
kila karatasi yake ikafunga safari kwenda kwa jina la pili,
ikafika imekonda,
sehemu moja ya saba.

Hapo nikatazama viatu vyangu.

Bi Auchterlonie akapita raundi ya nne, akalia.
Wengine wakadondoka mmoja mmoja.
Ilipogonga saa nane mchana walibaki wawili, kiti kimoja.
"Cargill, Murdo: mia tisa na sita, nukta tisa moja.
Rennie, Ishbel: mia tisa na sita, nukta nne tisa."

Haba na haba hujaza kibaba, tunaambiwa.
Hatuambiwi kibaba kilichopungukiwa haba moja
kinaitwaje.

Akamshika Cargill mkono kwa mikono yake miwili,
kama anavyowashika wafiwa.

Sasa niseme. Alhamisi, ukumbi wa kanisa,
penseli imefungwa kwa kamba kama mbwa mkali,
niliandika 1 mbele ya Petrie
na 2 mbele ya mtoto wa mama yangu.
Kisa, taa. Kichochoro changu kina giza majira matatu ya baridi.
Nilimwomba. Akasema,
"Watasema Ishbel kamwashia kaka yake,"
akaendelea kumenya viazi.

Nilimrudisha kwa gari langu. Manyunyu,
vichaka vya miiba vimechanua njano njia nzima
bila kujali nani kashinda.
"Nusu mtu," akasema. "Hata nusu haifiki.
Ningependa kumjua. Si kwa ubaya.
Nimuulize tu anatia sukari ngapi."
Nikabadili gia pasipo haja.

Hakutaka kwenda kwake. Akaketi jikoni kwangu mpaka usiku,
akafungua daftari la mambo ya watu, amkabidhi Cargill:
mfereji wa Mtaa wa Bandari, benchi la shule,
basi la saa moja linalopita saa moja kasoro.
Katikati ya ukurasa nikaona kichochoro changu,
kimeandikwa, kimekatwa,
kimeandikwa tena, kimekatwa,
kimeandikwa.

Sukari nilimtilia mimi. Vijiko viwili, kama ninavyotia vyangu.
Akakitazama kikombe, akanitazama,
akanywa.

Nilipomsindikiza garini hatukuona hata vidole vyetu.
Akanishika mkono juu ya kiwiko.
"Shimo," akasema, "hatua mbili mbele. Pita kushoto."
Nikapita kushoto.