Raba ya Bluu

Kaka yangu Kornelius alirudi mwezi wa Machi,
theluji ya Manitoba ikiwa bado magotini,
na raba ya bluu kwenye kifundo cha mkono,
raba ya kawaida, ile ya kufungia brokoli dukani.
Mama akasema, amenenepa kidogo, ashukuriwe Mungu.
Baba alizima injini, akabaki garini,
taa zikiimulika ghala tupu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Ndimi niliyemkunjia soksi alipoondoka,
jozi tisa, kwa wiki tisa.
Niliambiwa anakwenda kutibiwa,
kwa hiyo nilitafuta bandeji.

Jumamosi Tobias wa jirani alikuja kuazima jeki,
mashavu mekundu kwa baridi.
Kaka akamtazama, mara moja tu.
Chini ya meza nikasikia: pa!
Tobias akacheka jambo fulani. Pa!
Tobias akaaga. Pa! Pa!
Baba akaomba asogezewe viazi.

Usiku nilimwuliza, inauma?
"Mwanzoni, ndiyo," akasema.
"Baadaye inauma usipoivuta."
Akanisimulia habari za Bwana Friesen, na daftari lake,
na swali lake la kila asubuhi:
baba yako alikukosea nini?
Kaka akajibu, hakuna.
Kesho yake, hakuna.
Siku ya kumi na nne akatunga kosa.
"Nilisema alinipiga kwa mnyororo wa ng'ombe.
Hajanipiga hata kofi, unajua.
Wakapiga makofi, wakanikumbatia.
Wakanikatia keki."
Akageukia ukuta.

Wakubwa walisema, samaki mkunje angali mbichi.
Hakuna aliyekumbuka
kwamba samaki anayekubali kukunjwa,
hata awe mbichi namna gani,
amekwisha kufa.

Kaka hakufa. Nalisema wazi
kwa sababu katika picha ya wale vijana saba
mbele ya nyumba ile ya mbao, wote wametabasamu,
wote wana raba,
na wawili siku hizi siwezi kuwapigia simu mama zao.

Sasa ana miaka thelathini na mitano.
Anaishi Winnipeg na Laurens, fundi wa piano,
mtu mpole anayeunguza mayai.
Laurens akipita nyuma yake jikoni, akimgusa bega,
mkono wa kaka hukimbilia kifundo
na kuvuta hewa.
Laurens husubiri. Amejifunza kusubiri.

Baba hajawahi kuomba radhi.
Ule uongo wa mnyororo nao sijui kama ulimfikia.
Lakini wakija chakula cha Jumapili
huenda dukani mwenyewe, na fimbo yake,
na kabla hajawasha gari kurudi
hutoa kisu mfukoni,
huzikata raba zote za mboga, moja moja,
na kuziacha palepale, kwenye theluji.