Mililita Thelathini

Mimi huuza matangi ya maji, Barabara ya Kirinyaga:
lita mia tano, elfu moja, elfu tano,
meusi, yamepangwa mbele ya duka kama mashemeji wanene
wanaosubiri kukaribishwa ndani.
Kwa hiyo usinifundishe ujazo.

Wasichana wa dukani walikuwa wakiniita Tangi,
nami nikicheka, maana kicheko hakina kilo.
Ijumaa, Ngara, kwa Mama Karimi,
nilikuwa nikimaliza chupa tano na sahani ya mbavu,
nikiinuka nahesabu chenji ya kila mtu bila kukosea.

Kisha hospitali, kule Upper Hill.
Daktari Chemutai akachora kwa kalamu nyekundu
tumbo langu, mfano wa kibuyu,
akalipiga mstari, likabaki ndizi.
"Hili linabaki. Lile linatoka."
Nililia kidogo kwa ajili ya lile linalotoka.
Lilinibeba miaka arobaini, nalo sikuliaga.

Wiki za kwanza, mwanangu Mutinda ndiye aliyekuwa saa yangu.
Miaka tisa. Aliketi kitandani na kikombe kile cha plastiki
kinachokuja na dawa ya kikohozi,
mililita thelathini, mstari mwembamba.
"Mama, robo saa imefika."
Alimimina maji kama mtu anayewasha mshumaa.

Daktari alisema mengi kuhusu pombe. Nikasikia nusu.
Kwamba haitakaa tena tumboni ijadiliane na chakula,
itapita mbio kama maji kwenye mtaro uliozibuliwa,
iingie damuni kabla hujaweka glasi mezani.
Subiri mwaka, alisema. Na baada ya mwaka, subiri tena.

Miezi minane baadaye, Umoja, posa ya Ndanu.
Mvinyo mwekundu, nusu glasi, ya heshima tu.
Zulia likainuka likanisalimu kwa jina.
Mimi! Niliyekuwa nikimaliza chupa tano na kufunga hesabu!
Nilifurahi, nisikudanganye.
Katika mji huu ambao kila kitu kimepanda,
unga, kodi, tokeni za stima,
kulewa kwangu kulikuwa kumeshuka bei.

Watu wakasema: Kavata, umependeza.
Kavata, gauni limekukaa.
Hakuna aliyeuliza kilichokaa ndani ya gauni.

Sikiliza. Kisu kilikata tumbo,
njaa hakikuigusa.
Njaa ni mpangaji wa Nairobi.
Iliona nyumba imebomolewa,
ikafunga godoro usiku, ikapakia mkokoteni,
ikahamia mtaa wa pili bila kumwambia mlinzi.
Zamani ilikuwa ikibisha kwa chapati.
Sasa inabisha saa mbili usiku, baada ya habari,
na inataka jini.

Kidogo, nikasema. Nikatafuta kipimo.
Kabatini nikakiona kile kikombe cha dawa.
Thelathini. Halafu thelathini.
Muuza matangi mzima, nikajidanganya kwa hesabu,
na haba na haba ndiyo kazi yangu:
kila siku nawaeleza wateja
jinsi tone la mfereji linavyomaliza tangi.

Jumanne, siku yetu ya mgao wa maji,
niliamka sakafuni jikoni, shavu kwenye vigae,
mfereji wazi, ndoo imefurika hadi kwenye korido.
Sikumbuki kuufungua.
Mutinda alikuwa akipangusa, tayari amevaa sare ya shule,
suruali imelowa magotini.
Hakuuliza.
Alikichukua kile kikombe, akakinusa,
akakiosha kwa sabuni, mara mbili,
akakijaza maji mpaka kwenye mstari.

"Mama," akasema, bila kunitazama,
"robo saa imefika."

Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya sabuni.

Namba ya daktari bado imebandikwa kwenye mlango wa friji,
tarakimu ya mwisho imefifia. Ni tatu au ni nane.
Nimepiga kwa tatu. Ameitika fundi wa magari.
Sasa napiga kwa nane.