Kigae cha Tatu

Bethesda, kaskazini mwa Wales. Jumanne, mvua ya ubavuni.
Nerys ananifungulia mlango kwa kiwiko,
vikombe viwili mikononi,
na kabla sijavua koti ananishtakia seva:
"Inaondoka mbio. Kisha inakaa chini."

Seva yao iko chooni, si utani,
rafuni, kati ya sabuni na misumari ya shaba,
na chini yake ndoo ambayo sikuuliza ni ya nini.
Diski nne, taa nne za kijani
zinakonyeza kama watu wenye siri.
Humo mna mapaa ya bonde zima:
makanisa, shule, zizi la mjane mmoja wa Gerlan,
yote yamepigwa picha kutoka angani
na droni ya mpwa wa tajiri.

Nikaanza na mshukiwa wa siku zote, waya.
Nikaubadili. Vilevile.
Nikabadili swichi, nikazima waifai,
nikawafukuza wote mtandaoni,
hata Nerys, aliyekuwa anaagiza viatu.
Vilevile.
Nikarusha faili la giga ishirini, nikaketi juu ya ndoo kuangalia:
megabaiti mia na kumi kwa sekunde. Mia na nane. Mia na kumi.
Nikataka kujipongeza.
Giga ya tisa, kasi ikadondoka,
sitini, kumi na mbili, nne,
kisha sifuri,
mstari umelala kiooni kama mgonjwa aliyekata kauli.

Basi nikaziuliza diski moja moja,
kama mwalimu anayetafuta aliyevunja dirisha:
wewe, ukiambiwa andika, unachukua muda gani?
Ya kwanza, milisekunde nane.
Ya pili, tisa.
Ya nne, nane.
Ya tatu, elfu moja na mia sita.

Na hizi zimelishana kiapo:
hakuna neno litakalohesabiwa limeandikwa
mpaka zote nne ziitikie.
Tatu zinakimbia, zinasimama,
zinageuka kumtazama mwenzao.
Msafara wa mamba, kenge hakosi.

"Hii nani aliinunua?"
Nerys akachungulia kikombe chake.
"Machi, ile ya zamani ilipokufa. Ilikuwa na punguzo."

Nikamweleza tajiri, Gwilym Prydderch,
miaka sitini na miwili, magoti yameliwa na ngazi:
diski hii imebana maandishi ili yaenee mengi,
njia moja inalalia ukingo wa njia ya pili, na ya pili...
Akaninyamazisha kwa kiganja.
"Ni paa," akasema.

Ni paa.
Kuezeka upya ni raha, unatoka chini unakwenda juu.
Lakini kubadili kigae kimoja cha katikati
huna budi uinue kilichokilalia,
na kilicholalia hicho,
na mvua haingoji.
Mjomba wangu, Pongwe, alifumua makuti hivyo
akitafuta tundu moja,
shangazi chini na sufuria, akimhesabia matone kwa sauti.
Ndivyo ilivyokuwa diski ya tatu kila mchana:
kighala chake cha mbele kikijaa,
inapanda ngazi, inafumua safu, inaweka, inafunika,
inashuka kuchukua kingine.
Haikuwa mgonjwa. Wala mvivu.
Ilipewa kazi ya mwingine.

Alhamisi nikarudi na mbadala, bei yake sikuitaja kwa sauti.
Nikaichomoa ya tatu, ina moto kama andazi.
Usiku kucha zile tatu zikamfundisha mgeni
yote aliyopaswa kuyajua.
Asubuhi nikarusha giga ishirini:
mia na kumi, mia na kumi, mia na nane, mwisho.

Ile ya punguzo sikuitupa.
Kwa picha ambazo hakuna atakayezigusa tena, inatosha.
Gwilym akaiandika kwa chaki ya mafundi:
MAPAA YALIYOKWISHA LIPIWA.

Nilikuwa nafunga mkoba,
tone likanidondokea kisogoni.
La pili likagonga sanduku la seva.
Mganga hajigangi, nikasema kwa lugha yangu.
Nerys, bila kutazama juu, akaifuata ndoo.